Keekee Inayozunguka Kushoto

Alhamisi mchana, saa ambayo Ghala nzima, mtaa wa karakana wa Maskati, inataka kufunga na hakuna anayekubali kuhudumiwa wa mwisho, Khawla binti Musallam aliingia katika karakana ya Harub akiwa amekumbatia chuma kirefu kuliko mguu wake. Kilikuwa chuma kilichojisokota, chenye visu viwili chini na mpini wa kuzungushia juu. Alikuwa amekifunga taulo la kuogea, lakini taulo lilikuwa limeteleza, na kisu kimoja kilikwisha kukwaruza begi la fundi wa mabomba aliyesimama mbele yake.

"Samahani, kaka! Wallahi sikukusudia!"

Wanaume wote waliokuwamo waligeuka. Ghala ni mahali pa watu wenye mafuta mikononi. Mwanamke mwenye abaya nyeusi iliyotiwa nakshi za kijani, mtandio wa rangi ya pichi na raba nyeupe zilizokwisha kuwa za kijivu kwa vumbi hawezi kupita hapo bila kutazamwa. Naye Khawla alikuwa mrembo, nisifiche, na siku hiyo alikuwa na hasira, na hasira ilimpendeza.

Nyuma ya meza alisimama Harub, mwenye karakana, fundi wa vyombo vya umeme, kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu na kofia ya kiua iliyorudi kisogoni.

"Nnataka drili ya betri itakayozungusha hii," alisema Khawla.

Harub alikipokea chuma, akakigeuza, akakipima kwa shibiri. "Ya kuchimbia mashimo ya mitende?"

"La."

"Nguzo za hema?"

"La."

"Basi n'ambie mwenyewe, dada, nshachoka kubahatisha."

"Ya kutobolea barafu."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Harub alijitahidi asicheke, akashindwa. "Barafu ya wapi? Hapa petu hata maji ya bomba yanatoka moto!"

"Kama huwezi, sema huwezi. Ghala mafundi wamejaa tele."

"Nani kasema siwezi? Mie sijafahamu tu."

"Basi fahamu."

Akaeleza. Baba yake, Mzee Musallam, alizaliwa Tabora, akapelekwa Urusi miaka ya sabini kusomea mambo ya maji. Huko, kila majira ya baridi, yeye na mwenzake wa chumbani, Gennadi, walikuwa wakitembea juu ya ziwa lililoganda, wakitoboa shimo kwa keekee hii, wakiketi juu ya ndoo na kutia mshipi. Masomo yalipokwisha Mzee alihamia Maskati na keekee yake. Sasa ana miaka sabini na mitatu, bega lake limepasuliwa mara mbili, na Gennadi amempigia simu kumwambia aje mwezi wa pili, maana wote wawili wanazidi kuzeeka.

"Hawezi tena kuizungusha kwa mkono," alisema Khawla. "Na shimo lililotobolewa na mtu mwengine hataki kulikalia."

"Ngoja kwanza. Samaki yuko chini ya barafu?"

"Yuko chini."

"Na barafu haivunjiki?"

"Baba anasema hata lori linapita juu yake."

Harub akaiweka keekee mezani. "Sasa samaki huyo si anunuliwe sokoni tu?"

Hapo Khawla akacheka. Alijaribu kujizuia kwa ncha ya mtandio, lakini kicheko kilikwisha kutoka, na Harub alikwisha kukisikia.

"Niachie nambari yako," alisema Harub.

"Ya nini?"

"Ya kazi."

"Ya kazi tu," alisema Khawla, akaiandika.

Alhamisi iliyofuata Harub alileta mapande mawili ya barafu kutoka kiwanda cha barafu kilicho karibu na soko la samaki la Mutrah, akayapanga nyuma ya karakana juu ya magunia. Khawla alifika akiwa amempigia baba yake simu, sauti imefunguliwa. Japheth, fundi Mkenya aliyefanya kazi na Harub, alisimama pembeni mikono kifuani, maana hili hakutaka kulikosa.

Harub aliibana keekee mdomoni mwa drili, akaishusha, akabonyeza. Keekee ikazunguka, drili ikalia, vumbi jeupe la barafu likamrukia usoni. Shimo halikuonekana.

"Boss," alisema Japheth, "hii kitu inachimba ama inapiga barafu pasi?"

"Baba, haitoboi!" alipiga kelele Khawla.

"Kushoto!" Mzee Musallam alifoka simuni. "Inakwenda kushoto! Nani huyo fundi?"

Harub akageuza drili izunguke kinyume. Visu vikauma, barafu ikaanza kupanda juu vipande vipande, na Khawla akapiga makofi. Furaha ilidumu vidole viwili vya kina. Mdomo wa drili umetengenezwa ujikaze kazi inapokwenda kulia. Ilipokwenda kushoto ukalegea, na keekee ikabaki imesimama peke yake katika barafu, drili ikizunguka hewani.

Harub akavua kofia, akajikuna. "Kwa nini mtu atengeneze kitu cha kwenda kushoto?"

"Na kwa nini mwengine akatengeneza cha kwenda kulia?" aliuliza Khawla.

Harub akaizima drili. Alisimama pale, uso umelowa, mikono imekufa ganzi kwa baridi ilhali kisogo kinaungua jua, akamtazama binti yule, na akapenda. Kwa nini papo hapo, kwa neno lile, sijui. Yeye mwenyewe hajui hadi leo.

Simu zikaanza. Za mwanzo zilikuwa za kazi: gia, boliti, volti. Muda si muda zikaacha kuwa za kazi.

"Gia zimefika?" aliuliza Khawla usiku mmoja.

"Zimefika. Lakini sikukupigia kwa ajili ya gia."

"Umenipigia kwa nini?"

"Nimebonyeza jina lako kabla sijafikiri."

"Basi fikiri. Nakungoja."

Khawla alizisikia pumzi za Harub, na zake mwenyewe akazizuia.

"Khawla, mama yangu akimpigia mama yako Ijumaa hii, baada ya sala?"

"Ampigie kwa ajili ya keekee?"

"Usinitese, roho yangu."

"Mwambie apige," alisema Khawla, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Lakini Jumatano usinitafute, nyumbani kuna wageni."

Kwa watu wao, posa huanzia kwa akina mama. Mama wa kijana humpigia mama wa binti, wakaulizana hali nusu saa nzima, kisha ndipo neno lenyewe likatajwa kwa pembeni. Simu ile ikipigwa mlango umefunguliwa. Isipopigwa baada ya kuahidiwa, binti ndiye anayebaki na aibu.

Basi Alhamisi Khawla alipita karakana mbio mbio akielekea kazini, katika duka la miwani la mtaa wa Al Khuwair. Harub alikuwa ametoka. Akamwachia Japheth bakuli.

"Mwambie baba ndiye aliyemletea. Ni ya shughuli ya nyumbani, jana."

Harub aliporudi, Japheth akampa bakuli na maneno kama alivyoyafahamu. "Yule msichana wako ameleta hii tamu-tamu. Anasema ni ya mzee wao. Jana walikuwa na sherehe kwao."

Ilikuwa halwa, ya zafarani, yenye lozi juu, bakuli limezungushiwa utepe wa dhahabu na maua makavu ya waridi. Japheth wa Kitale aliona kitu kitamu. Harub aliona kadi ya arusi. Maskati halwa hupikwa kwa Idi, kwa wageni na hata kwa matanga, lakini halwa yenye utepe wa dhahabu na waridi hutoka penye milka, mahali ambapo nikaha imefungwa. Na baba mtu ndiye aliyeileta! Jumatano usinitafute, nyumbani kuna wageni. Kumbe wageni ndio hao.

Mtu mwenye akili angeuliza. Harub alikuwa na akili ya gia. Akaketi juu ya kreti, akapiga simu.

"Halwa imefika," alisema. "Mabruk."

"Allah ybarik fik!" Khawla alijibu kwa furaha. "Inshallah na kwako karibu! Nna mteja, habibi, nakwenda."

Na kwako karibu. Harub aliitazama simu kama kitu kilichomng'ata. Na habibi juu yake! Alichanganyikiwa kiasi kwamba alikata waya usio wa kukatwa na kuzima taa za karakana nzima. Jioni akamwambia mama yake, Bi Masouda, asipige simu yoyote kesho, binti kashaolewa, na asimuulize kitu.

Ijumaa, nyumbani kwa Mzee Musallam katika mtaa wa Wattaya, mama yake Khawla alivaa gauni lake la Idi na kuketi simu ikiwa mapajani. Baba alishika gazeti bila kugeuza ukurasa. Alasiri ikapita. Magharibi ikaingia. Mama akainuka kimya kwenda kutia udhu, akaiacha simu juu ya kochi.

"Labda mtandao," alisema baba.

"Labda," alisema Khawla, akaingia chumbani kwake na kulia mdomo umefunikwa mto, dada yake Nawar asimsikie.

Akampigia Harub mara tatu. Hakushika. Hapo akaacha. Alikuwa na kiburi chake pia, na sasa alihisi amefanywa mchezo: amechekewa, ameitwa roho yangu, kisha ameachwa mbele ya wazazi wake. Alichokosa ni sababu tu. Kila usiku aliitafuta na kila usiku aliikosa.

Wiki nzima ikapita. Mzee akaanza kuulizia chuma chake, maana safari ilikaribia. Alhamisi Khawla akaenda Ghala, amevaa abaya isiyo na nakshi hata moja, macho hayana wanja.

"Nimekuja kuchukua keekee ya baba," alisema, akimtazama Japheth badala ya Harub.

"Iko tayari," alijibu Harub. Alikuwa amekonda. Akaiweka mezani na kuanza kueleza, haraka haraka, kama anayemsomea mteja asiyemjua. "Nimetia gia mbili kati hapa. Drili inakwenda kulia, inajikaza, na keekee inakwenda kushoto inavyotaka. Sahani hii ya juu ni ya kuizuia isizame ziwani ikichomoka. Betri mzee aziweke ndani ya koti, baridi inaziua."

Ilikuwa kazi safi. Khawla alipitisha kidole juu yake. Mtu hamfanyii baba wa mwanamke asiyemtaka kazi ya namna hii. Alizidi kutofahamu.

"Na kama mumeo ndiye atakayeishika," Harub akaongeza, "mwambie asikimbilie kasi kubwa."

"Nani?"

"Mumeo."

"Mume wangu mie?"

"Khawla, nimekula halwa yako. Yaani, sikuila. Japheth ndiye aliyeila."

"Ilikuwa poa sana," alisema Japheth, kisha akaona nyuso zao na kwenda kutafuta kitu nje.

Khawla alishika ukingo wa meza. "Ile halwa ya Nawar. Milka ya dada yangu, Harub! Ilikuwa haraka haraka, bwana harusi anarudi kazini Salalah. Baba alisema fundi naye apelekewe."

Damu ilimpanda Harub usoni hadi masikioni.

"Niliposema mabruk…"

"Nilijua unampongeza dada yangu!"

"Ukasema na kwako karibu."

"Kwako na kwangu, punguani wewe!" Machozi yakamtoka hapo hapo, mbele ya drili zote za Ghala. "Mama yangu alikaa na simu mapajani mpaka magharibi. Alivaa gauni la Idi. Mie ndiye niliyemwambia akae. Ungeuliza neno moja tu!"

"Niliogopa utajibu ndiyo."

"Basi ukaniacha nilie wiki nzima kwa jibu ambalo sikulitoa."

"Nimekukosea," alisema Harub. "Nimekukosea wewe na mama yako. Nakupenda, Khawla, na wiki hii nilikuwa kama sipo. Ntampigia mama sasa hivi." Akaanza kuitafuta simu kwa mikono iliyojaa grisi, ikamponyoka, ikaanguka sakafuni.

Khawla akainama, akaiokota. "Fungua," alisema. Harub akagusa kioo, kikafunguka. Khawla akalitafuta jina la Mama, akabonyeza.

"Khawla, mwanamke hapigi yeye!"

"Nilimngoja mwanamume. Nimeona."

Simu ikashikwa. "Harub," ilisema sauti ya Bi Masouda, "kama ni kunambia tena leo hutokula…"

"Asalaam aleikum, khala. Si Harub. Ni Khawla."

Upande wa pili mfuniko wa sufuria ukaanguka. "Khawla aliyeolewa?"

"Aliyeolewa dada yangu, khala. Mie bado. Tuliingojea simu yako Ijumaa."

"Ya Rabbi! Huyu mwanangu siku saba hali, hanywi, ananikata maini, kumbe hata kuuliza hakuuliza?"

"Hakuuliza."

"Yuko hapo?"

"Yuko mbele yangu."

"Usimpe simu. Mpumbavu mkubwa huyo. Mama yako yuko nyumbani sasa?"

"Yuko, khala."

"Basi kata, mwanangu, nimpigie."

Khawla akakata. Akafuta macho kwa mkono wa abaya, akairudisha simu mezani taratibu. Harub alikuwa amesimama hajui aweke wapi mikono.

"Kasema nini?"

"Kasema wewe mpumbavu mkubwa."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Sikumjibu kitu," alisema Khawla. "Mama mkwe habishiwi."