Kijiko cha Pili

Risasi ya kwanza ilipasua taa ya nyuma ya lori. Ya pili ilipasua gunia lililokuwa juu ya kichwa chake.

Unga mweupe ukamwagika. Ukamwingia puani, machoni, mdomoni.

Sindano alijilaza kati ya magunia, akalenga, akafyatua bastola yake ya Glock mara moja. Tairi la mbele la pikapu iliyokuwa ikimfukuza likapasuka. Walinzi wa mzigo wakaishia mtaroni.

Kisha akashikwa na hofu ya kweli.

Alichomoa mfukoni kalamu nene ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na dawa ya adrenalini, na ndiyo iliyompa jina la kazi. Tangu utotoni mwili wake ulikataa maziwa. Chembe moja ilitosha kumvimbisha midomo na kumziba koo. Na magunia haya, kwa mujibu wa hati za forodha, yalijaa kaseini: protini ya maziwa iliyokaushwa, inayotiwa katika vyakula ili kuviongezea lishe.

Akasubiri.

Lori likapita daraja, likapita kituo cha mafuta. Midomo haikuwasha. Koo lilikuwa wazi.

Akawasha redio yake ya Motorola, akawaita wapelelezi wenzake.

"Kituo, hapa Sindano. Huu unga si wa maziwa."

"Sindano, maabara imepima sampuli. Mzigo ni safi. Rudi."

"Nimeumeza, bosi. Sijavimba."

"Hicho si kipimo, dada! Mwenye kiwanda kile ni mtu anayeheshimika. Tukikosea, sote tumekwenda na maji."

"Mwenye kiwanda ni mjomba wangu."



"Basi rudi haraka zaidi! Hiyo ni amri."

Akaizima.

Kiwanda cha mjomba wake kilitengeneza uji wa watoto waliolazwa hospitalini, wale waliodhoofu hata hawawezi kutafuna. Mzigo ulikuwa ukisubiriwa. Ukimiminwa kwenye mashine asubuhi hii, jioni utakuwa vitandani mwao.

Hakurudi.

Lori lilipoingia getini, wanaume wanne walikuwa wakimngojea. Walinzi wa pikapu walikuwa wamepiga simu. Walimnyang'anya bastola, redio na kalamu, wakamsukuma hadi chumba cha kuchanganyia.

Kuta zilikuwa za vigae vyeupe. Katikati ilisimama mashine kubwa ya chuma, makasia yake yakizunguka taratibu ndani ya unga wa mahindi. Wafanyakazi waliovaa kofia za wavu walikuwa wamekwisha kushusha magunia ya kwanza. Mjomba alisimama kwenye swichi, koti lake jeupe limefungwa hadi shingoni. Pembeni yake alikuwa mgeni aliyeleta mzigo kutoka ng'ambo. Walimwita Glovu, maana hakuonekana bila glovu zake nyeupe.

"Wewe?" Mjomba alitoa macho. "Si uko ofisi ya bima, wewe? Na hilo vumbi?"

"Shikamoo, mjomba. Simamisha mashine."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Huu unga si maziwa. Ni malighafi ya plastiki ambayo walaghai huiuza kama maziwa, na inaua figo."

Glovu akacheka. Alikuwa akiichezea kalamu ya adrenalini vidoleni. "Mzee, mpwa wako anashuka na bastola kutoka kwenye lori langu, nawe unamsikiliza? Cheti cha maabara unacho."

"Kweli, mwanangu, cheti ninacho."

Sindano hakubishana. Alichukua kijiko cha kupimia, akachota kwenye gunia lililofunguliwa, akameza.

"We mtoto!" Mjomba akapiga ukelele. "Umerukwa na akili?"

Aliijua hatari ya kijiko kile. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali, siku alipolamba aiskrimu ya mtoto wa jirani.

Wote wakamtazama usoni. Makasia yakazunguka.

Hakuvimba.

"Umeona, mjomba?"

"Maigizo," alisema Glovu. "Watoto hukua, mzio huisha. Usichezewe shere, mzee. Anza kazi."

Mjomba akapapasa cheti mfukoni. "Inaweza kuisha, kweli," alinong'ona. Akawaashiria wafanyakazi. Gunia likainuliwa hadi kwenye mdomo wa mashine.

Juu ya meza kulikuwa na kopo dogo la sampuli, lenye muhuri wa maabara uliokatwa.

"Bwana Glovu," alisema Sindano kwa upole. "Kopo hilo na magunia haya, ni unga mmoja?"

"Mmoja. Kwani vipi?"

"Nilitaka tu wakusikie."

Akachota kijiko cha pili, safari hii koponi.

Glovu alielewa akiwa amechelewa. "Mzuieni!"

Kijiko kilikwisha kufika mdomoni.

Midomo iliwaka kwanza. Kisha ikaumuka kama andazi kwenye mafuta. Macho yakajaa machozi, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Sindano alisimama wima, akamwonyesha mjomba uso wake.

Mjomba aliujua uso ule.

Kiganja chake kikatua juu ya kitufe chekundu. Mashine ikanyamaza. Glovu akainua mkono kuitupa kalamu, lakini mzee alimdaka kifundo cha mkono na kukisokota hadi glovu ikabaki mkononi mwake pamoja na kalamu. Wanaume wanne wakapiga hatua mbele. Wafanyakazi wakainua makoleo yao. Hatua ile haikupata ya pili.

"Ncha ipi, mwanangu?"

"Ya... rangi ya machungwa. Pajani."

Mzee akamchoma.

Pumzi iliporudi, Sindano alichukua vitu vyake mifukoni mwa mmoja wa wale wanaume wanne. Hakuna aliyemzuia. Akawasha redio.

"Kituo, njooni mchukue mtu mwenye glovu moja."

"Sindano! Uliamriwa kurudi!"

"Nilisikia, bosi. Nilikataa."

"Na ushahidi?"

"Uko usoni kwangu. Leteni kamera kabla haujanywea."

Alielekea mlangoni, akijipangusa unga mabegani. Mjomba akamfuata, kofia ya wavu imemwendea upande.

"Twende hospitali, nikubebe."

"Ndiko ninakokwenda, mjomba. Kwa miguu yangu."

"Mama yako anajua kazi yako?"

"Anajua niko bima."

"Nami nimweleze nini?"

Sindano akatabasamu kadiri midomo ilivyomruhusu.

"Mwambie mzio haujaisha."