Fimbo ya Alama Tano

Kila Jumamosi, Fridah akishafagia uwanja, alichukua fimbo nyuma ya mlango akateremka kijitoni. Ilikuwa fimbo ya babu yake, mzee Walubengo, aliyoichonga alama tano za kupimia. Kwao, karibu na Misikhu, babu huitwa kuka na nyanya huitwa kukhu. Magoti ya kuka hayakuweza tena kushuka kule chini.

Kijito chenyewe ni kidogo. Wakati wa kiangazi hata mbuzi anakiruka. Lakini chini ya shamba lao kinapinda. Kwenye hiyo kona maji hupiga ukingo wa upande wao, na ng'ambo hulaza mchanga. Kuka alimfundisha Fridah kuusoma ukingo: juu udongo mweusi, kisha mwekundu, halafu changarawe iliyolegea, na chini kabisa udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, unaoteleza.

"Maji hayaanzi juu," alimwambia. "Yanakula changarawe. Juu panabaki kama paa lisilo na nguzo. Kwa hivyo usiangalie nyasi. Shuka, ingiza fimbo chini ya ukingo, uniambie imeingia hadi alama gani. Ikifika ya tatu, tutamhamisha kukhu wako."

Kukhu Rispah alikuwa amezikwa juu ya ile kona, mahali alipopenda kupepetea maharagwe yake.

Mwezi wa Aprili fimbo iliingia hadi alama ya pili. Kisha mvua ikazidi, njia ikawa matope matupu. Jumamosi moja Fridah alimkuta rafiki yake Shamira akimngoja na mpira wa netiboli.

"Ati unashuka huko? Si uangalie tu kutoka hapa, bana! Nyasi ziko. Kwani ukingo una miguu?"

Fridah akacheka. Nyasi zilikuwa kijani, zimesimama wima. Akachota tope jekundu la njiani, akaipaka fimbo hadi alama ya pili, akaenda kucheza.

Jioni kuka alilipapasa lile tope kwa kidole. "Bado ya pili?"

"Bado, kuka."

"Asante, mama."

Ikawa hivyo wiki tatu.

Alhamisi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, walisikia kishindo. Ukingo ulikuwa umeanguka. Nusu ya saruji ya kaburi ilikuwa majini pamoja na msalaba, na ubao wa jeneza ulichungulia kwenye udongo mwekundu. Kuka alishuka akiburura makalio kwenye tope, akaingia majini na viatu, akautoa msalaba. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

Chifu alipotoa ruhusa, jirani yao Wanyonyi na vijana wachache walichimba kaburi jingine nyuma ya nyumba. Kuka akamzika mkewe mara ya pili. Safari hii hakukuwa na turubai wala kwaya. Uliimbwa wimbo mmoja, watu wakaenda kulima.

Fridah alimfuata kuka jikoni. "Kuka, sikushuka. Tope nililipaka mimi."

Mzee alisukuma ukuni motoni.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Tope la kule chini ni la kijivu. Lako lilikuwa jekundu. Lakini nilijiambia, huyu ni Fridah, hawezi. Nikaamini." Akapangusa macho. "Kijito hakikutuficha kitu, mjukuu wangu. Kila wiki kilikuwa kinasema. Mimi nilikupa wewe macho yangu, ukaniletea uongo. Mtu akikutuma umwangalizie kitu, mletee ukweli, hata kama ni mbaya, hata kama njia ina matope. Ukweli ungetupa wiki tatu za kumhamisha kwa heshima."

Fridah alilia. Kuka hakumnyamazisha. Alipomaliza, mzee aliichukua fimbo nyuma ya mlango akampa.

"Kesho ni Jumamosi. Kisima chetu nacho kiko karibu na ukingo. Shuka upime."

Kesho yake Fridah alirudi na matope hadi magotini.

"Alama ya kwanza, kuka."

Kuka alilipapasa tope la kwenye fimbo. Lilikuwa la kijivu.