Kasuku na Tangi la Mgeni

Kila siku baada ya masomo, Kasuku alipitia kituo cha mafuta alikofanya kazi mama yake. Aliketi juu ya tairi kuukuu kando ya pampu, akafanya kazi za shule mpaka zamu ya mama iishe. Jina la Kasuku alipewa na wenzake darasani, kwa kuwa neno akilisikia mara moja tu, limeshamkaa ulimini. Kulielewa ilikuwa habari nyingine.

Siku hiyo aliingia mbio.

"Shikamoo mama! Leo tumefundishwa neno lako! Ukitaka kujaza tangi mpaka pomoni, kwa Kiingereza unasema fill up. Mwalimu kasema nimelitamka kuwashinda wote!"

"Marahaba. Fili apu," mama alijaribu, wakacheka.

Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Tangu baba afariki, mama alikuwa amehangaika kweli kweli kabla ya kupata kazi hii. Juzi tu alimwaga mafuta chini kwa bahati mbaya, na msimamizi akamwambia mbele ya watu, "Kosa jingine moja, unavua sare." Sare hiyo ndiyo iliyowapa chakula na paa la kulalia. Ikivuliwa, hawana pa kushika.

Mara likaingia gari kubwa jeupe. Dereva wake alikuwa mhandisi mgeni, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Mama akasita. Nyuma foleni ilikuwa ndefu, na msimamizi anapaza sauti kutoka dirisha la ofisi, "Haraka huko!"

Kiherehere kikampanda Kasuku. Akachomoka hadi kwenye dirisha la gari. "Fill up?"

Mgeni akatabasamu, akainua dole gumba, akashuka kwenda msalani. Lo! Kasuku akajiona profesa.

"Anasema ujaze, mama."

"Petroli au dizeli?"

Hakuwa ameuliza. Lakini nani anataka kuonekana hajui, na sifa za mwalimu bado zinamlia masikioni?

"Petroli," akajibu bila kupepesa jicho.

Mama akamwamini. Bomba la petroli likaingia bila kukwama, maana mdomo wake ni mwembamba, huingia kwenye tangi la aina yoyote. Tangi lilipojaa, mama akakimbilia gari la nyuma, akamwachia Kasuku afunge. Kasuku aliposhika kifuniko, akaona maandishi yaliyobandikwa kwa ndani: dizeli tu.

Mtoto aliyekulia kando ya pampu anajua kwamba injini ya dizeli ikiwashwa na petroli ndani, huharibika. Akisema, kibarua cha mama kitaota nyasi leo hii. Asiposema, gari litafia mbali huko, na huenda asijue mtu lilikotiwa mafuta. Nyamaza, moyo ukamwambia. Nani amekuona?

Mgeni alikuwa amesharudi, anafunga mkanda. Kasuku akamtazama mama yake akifuta jasho kwa mkono wa sare. Mambo yakifichuka, atakayefokewa ni mama, naye hatajua hata kosa lake ni lipi.

Hapo hakuweza tena. Akajirusha mbele ya gari, akatanua mikono. Kiingereza chote kilimkimbia, na lile neno alilojivunia halikufaa kitu.

"Asiwashe! Jamani, mwambieni asiwashe! Ni la dizeli, limetiwa petroli! Mimi ndiye niliyemdanganya mama!"

Mgeni alikuwa ameshauchomeka ufunguo. Msimamizi akaja mbio, akamweleza kwa Kiingereza, na mgeni akauchomoa huku uso umemwiva. Wakalisukuma gari pembeni kwa mikono, fundi akaitwa kulifyonza tangi lote. Kasuku alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama, bila kuambiwa, akaanza kufungua vifungo vya sare.

"Funga vifungo vyako," msimamizi alisema, naye jasho likimtoka. "Ingewashwa ile injini, hata mimi nisingebaki hapa. Mwezi huu utafagia, pampu hugusi. Na siku ukirudi, muulize mwenye gari, si mtoto!"

Walirudi nyumbani jioni. Karibu na mlango Kasuku akashindwa kuvumilia. "Mama, nisamehe."

Mama akashusha pumzi. "Nimeshakusamehe. Lakini nisikilize, mwanangu. Kutojua si aibu. Ungeniambia 'sijauliza', ningemfuata mgeni, nikamwonyesha pampu kwa kidole, tukaelewana. Usimpe mtu jibu ambalo huna, hasa mtu anayekuamini. Mimi kila gari hukagua kifuniko kabla ya kutia mafuta. Leo sikukagua, kwa sababu aliyenijibu ni wewe."