Bipu Mbili za Saa Sita

Simu haikuwa na laini, na bado ililia.

Ililia mara mbili, ikanyamaza. Clarisse alikuwa ameinamia cherehani yake kwenye baraza la duka la Bi Mwanne, pale Ngara mjini, akipinda sketi za sare. Kwa mazoea mkono wake ulikwenda mfukoni, kwenye kitochi chake cha zamani. Kitochi kilikuwa kimya. Iliyolia ni ile nyingine, simu ya kupapasa, iliyolala juu ya vipande vya kitambaa tangu asubuhi ikimsubiri aamue kama anaichukua ama haichukui. Kioo chake kilikuwa cheusi tii. Saa ya dukani ilionyesha saa sita na dakika tano.

"Alamu hiyo," alisema Anuar, mtoto wa Bi Mwanne, bila kuinua uso. Yeye ndiye fundi simu wa hapo barazani. Alikuwa na miaka thelathini na jibu la kila kitu.

"Alamu ya saa sita mchana? Nani anaamka saa sita?"

"Mama."

Bi Mwanne, aliyekuwa mlangoni na chai yake, akamtupia kitambaa cha kufutia meza.

Kicheko hakijaisha, kitochi nacho kikalia mfukoni. Mara mbili, kikakata. Clarisse akashusha pumzi, akarudi kwenye sketi yake.

Mbili hizo ndizo zilikuwa ndoa yake. Yeye kazaliwa Mugoma, upande huu wa mpaka. Baba yake alivuka mpaka mwaka sabini na mbili na kijembe kimoja, akabaki. Clarisse akaolewa upande ule ule baba alikotoka, na vurugu za elfu mbili na kumi na tano zilipoanza akarudi kwa baba na nguo alizovaa. Mumewe, Niyongabo, alibaki kuangalia kahawa na ng'ombe. Wiki mbili tu, alisema. Sasa ulikuwa mwaka. Kila saa sita Niyongabo aliazima simu ya yeyote aliyemkuta, akabipu. Bipu mbili: ni mzima. Tatu: nimefika mpakani, njoo. Na sharti moja walilopatana siku ya kuagana: usipokee kamwe. Ukipokea umemla mwenye simu salio lake, na kesho hataazimisha. Tena upande ule palikuwa na watu waliotaka kujua nani anaongea na nani Tanzania. Usipige, usipokee. Sikiliza mbili, shukuru, endelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa na vita yake. Kila mchana barazani pale watu walikula muhogo na kushindanisha simu. Evaristi, dereva wa mabasi yaliyobeba wakimbizi kwenda makambi ya Kigoma, aliiweka yake mezani kama mtu anayeweka kisu.

"Laini mbili," alisema. "Chaji siku tatu. Shemeji, hiyo yako ukiiangusha barabarani hata mwizi ataruka."

"Ndiyo maana bado ninayo," Clarisse akajibu. "Yako ya ngapi mwaka huu?"

"Ya nne. Lakini zote zilikuwa nzuri!"

"Yangu inapiga picha mpaka chunusi inaonekana," alisema Bi Mwanne, akiinua simu yake mpya, pana kama kibao cha kusukumia chapati.

"Chunusi zako tunaziona bure, Mama Anuar," alisema Evaristi.

Kitochi kilikuwa na namba tano iliyofutika na mpira wa kushikilia betri. Clarisse alichoshwa na vicheko vyao, lakini kilichomchosha zaidi ni kwamba walikuwa na haki. Wateja siku hizi walituma mishono kwa simu. Bibi harusi anakuja anasema, "Nilikutumia picha," wewe unamwonyesha tochi. Wawili walikuwa wameshahamia kwa fundi wa stendi, mwanamke asiyejua hata kupachika zipu, ila ana kioo cha kupapasa.

Ndipo asubuhi ile Bi Mwanne aliposema atampa simu yake ya zamani, hiyo iliyolala juu ya vitambaa, kwa kushonewa magauni matatu tu. Bi Mwanne hakuwa mtu wa kutoa vitu. Hilo peke yake lingetosha kumshtua Clarisse. Halikumshtua.

"Haya," Clarisse alimwambia Anuar siku ile ile, jioni. "Iweke laini."

Laini ilikuwa kubwa, ya mtindo wa zamani. Anuar akatazama huku na huku, akachukua mkasi wa Clarisse, mkasi wa kitambaa ambao hata karatasi hauruhusiwi kukata, akaipunguza laini kwa mapigo manne kabla Clarisse hajafumbua mdomo.

"Anuar! Na nikitaka kuirudisha kwenye kitochi?"

"Nani anarudi kwenye kitochi?" alisema Anuar.

Kesho yake saa sita simu mpya ikalia mara mbili. Namba ya upande wa pili. Vizuri. Saa nane ikalia tena mara mbili. Saa nane na nusu, mbili. Saa tisa, mbili. Namba tofauti kila mara, zote za kule. Mwanzoni alifurahi, kufikia Jumatano alitaka kuitupa simu chooni. Mzima, mzima, mzima, mzima: hakuna mtu mzima kiasi hicho. Aligundua kwamba inalia akiiacha. Akiinamia cherehani, inalia. Akiishika na kuitazama, inanyamaza, na kioo kinapata joto kiganjani, joto la taratibu, kama shavu la mtoto mwenye homa. Na ilikuwa na harufu. Udi na marashi ya waridi, lakini ya zamani, yaliyokaa kwenye chupa wazi mpaka yakachacha.

"Mtandao," alisema Anuar kuhusu bipu. Kuhusu joto: "Betri." Kuhusu harufu: "Mama anajipaka sana."

Siku ya Ijumaa mteja alituma picha ya gauni, na Clarisse akaingia kwenye picha kuitafuta. Hakuiona. Alichokiona ni uso wake mwenyewe, umepigwa kutoka chini, kutoka pale mezani simu inapolala, na akasogeza, na uso wake tena, anashona, anakula muhogo, anapiga miayo, anafunga kanga, uso baada ya uso, mamia, yeye ambaye hakuwa amejifunza hata kuwasha kamera, na katika kila picha alikuwa anatazama chini moja kwa moja kwenye kioo, hata zile ambazo alikumbuka vizuri kabisa kwamba alikuwa ametazama barabarani, hata ile moja ambayo alikuwa amefumba macho anasali kabla ya kula, kwa sababu katika picha ile macho yake yalikuwa wazi, makubwa, na yanacheka, na yeye tangu mwaka jana hakumbuki kucheka hivyo.

Akaiweka chini taratibu kama mtu anayeweka yai. Ikalia.

Mkono wake ulikuwa na mafuta ya cherehani. Kwenye kitochi kuna kitufe, unajua ulichobonyeza. Kwenye kioo hiki kidole kinateleza tu, na alipotaka kuizima kikateleza upande usio wake, na namba zikaanza kuhesabu sekunde. Alikuwa amepokea. Mwaka mzima hakupokea, na sasa alikuwa amepokea.

Akaipeleka sikioni kwa sababu hakujua lingine la kufanya.

"Niyongabo?" alinong'ona. "Kata. Kata, nimekosea."

Pumzi. Kisha sauti, si ya mwanamume wala ya mwanamke, ya mtu wa pwani, yenye adabu na manung'uniko ya mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

"Mwanne," ilisema. "Mbona wanitupa, Mwanne? Alhamisi ya ngapi hii sijawekewa kitu? Waniuza kama sufuria?"

Clarisse aliinuka, akaingia dukani na simu mkononi, akaiweka juu ya kaunta mbele ya Bi Mwanne.

"Yako hii," alisema.

Bi Mwanne alitazama simu. Hakuuliza kitu, na hapo Clarisse akajua.

"Ulijua."

"Sema polepole, mwanangu, wateja."

"Ulijua, Bi Mwanne! Magauni matatu! Nikajiuliza roho nzuri imetoka wapi!"

"Nilitaka kumtoroka tu," Bi Mwanne alisema. "Wallahi. Nilidhani nikibadilisha simu hatanifuata, atachoka, ataondoka zake. Sikujua angekusumbua."

"Ungejuaje? Uliniuliza?"

Kesho yake walipanda gari wote wawili kwenda Biharamulo kwa Mwalimu Sabiti, kaka yake Bi Mwanne, mzee aliyefundisha watoto kusoma Kurani na kutibu watu wenye masahibu ya namna ile. Njia nzima Clarisse alishika rozari mfukoni. Hakuona sababu ya kuiacha nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani kati yenu?"

Bi Mwanne akainua kidole kama mwanafunzi.

Sabiti alicheka kwa hasira. Bibi yao, alieleza, alikuja na jini huyo kutoka Pangani pamoja na mizigo ya biashara. Si mbaya. Hali damu, haombi kuku. Kila Alhamisi umfukizie udi, umwekee marashi, na ukae mbele ya kiti chake nusu saa unakitazama. Basi. Anataka kutazamwa.

"Na huyu mdogo wangu," alisema, "alikuwa anakaa mbele ya kiti, sawa, ila macho kwenye simu. Sasa jini afanye nini? Akaenda macho yalikokwenda."

"Kwa nini anabipu?" Clarisse aliuliza.

"Ameona mlio gani unakufanya utazame."

Clarisse akauliza lile alilolibeba tangu Ngara.

"Zile za saa sita. Zile ni zake pia?"

"Sijui. Pengine za saa sita ni za mumeo kweli, na huyu anadandia tu. Akitoka, utajua."

"Na zisipokuja?"

"Utajua pia, mwanangu."

Angeweza kuinuka pale pale. Baadaye alijilaumu kwa hilo zaidi ya jambo jingine lolote. Lakini alikuwa amechoka kudanganywa. Alitaka mzima wa kweli, hata kama ni mmoja kwa siku. Akatikisa kichwa kukubali.

Sabiti akaweka kiti kitupu katikati ya chumba, akafukiza ubani, akaanza kusoma. Simu iliwekwa sakafuni. Ililia mara mbili, mara mbili, mara mbili, bila kupumua, na joto lake likaanza kuukunja mkeka, na ile harufu ya waridi iliyochacha ikajaa mpaka Clarisse akaihisi ulimini, na ndani ya mlio, nyuma yake kabisa, alisikia kitu kama mwanamume anayeita kutoka ng'ambo ya bonde, jina lake, kwa lafudhi ya nyumbani, akataka kuifikia ile simu kwa mikono miwili, na Sabiti, bila kuacha kusoma, akaukanyaga upindo wa kanga yake asisogee.

"Mwite!" Sabiti alimwambia dada yake. "Mwite kwa macho, na hiyo simu yako iache mlangoni!"

Bi Mwanne, akilia, akakitazama kiti. "Rudi kwako," alisema. "Rudi. Nimekosa. Nakutazama."

Simu ikanyamaza. Clarisse alipoigusa ilikuwa baridi kama kisu. Kiti kilitoa mlio mdogo, ule wa mbao mtu akikaa.

Walirudi Ngara, Bi Mwanne na uso wa mtu aliyepangiwa Alhamisi zake zote mpaka kufa. Mambo yalikuwa yamekwisha. Kesho yake Clarisse alishona tangu saa mbili bila bipu hata moja, na utulivu ule ukamfurahisha.

Saa sita ikafika. Ikapita.

"Hajapata wa kumwazima," alisema Evaristi.

"Mtandao," alisema Anuar, na kwa mara ya kwanza Clarisse alimshukuru.

Siku ya pili hakula. Siku ya tatu alivunja sharti, akapiga namba zote zilizokuwa kwenye simu, moja baada ya nyingine, hata ile ya siku ya kwanza ya saa sita, na sauti ya mashine ikamwambia namba hiyo haipo. Kwenye kitochi zilibaki namba kumi za mwisho. Akazipiga nazo. Haipo. Haipo. Moja ililia muda mrefu, akapokea mwanamke, akasema Niyongabo yupi, wa kahawa? Kisha akakata, na hakupokea tena. Evaristi aliulizia kwa waliokuwa wakivuka. Kutoka kilima alichokaa Niyongabo hakuna aliyekuwa amevuka tangu masika.

Siku ya tisa Clarisse alipanda gari la Biharamulo peke yake. Alimkuta Mwalimu Sabiti ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba, anachambua maharage.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Yule jini amerudi?"

"Hajarudi. Ndiyo nimekuja." Akaitoa simu, akaiweka mbele ya mzee. Kichupa cha marashi ya waridi nacho akakiweka pembeni yake. "Mrudishe."

Sabiti aliyaacha maharage. "Miaka arobaini nawatoa hawa," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniomba nimrejeshe. Unajua kwamba si mumeo?"

"Najua."

"Atakudanganya kila siku."

"Mwalimu, mimi siombi mume," alisema Clarisse. Hakulia, alisema kama mteja anayeeleza urefu wa sketi. "Saa nane sizitaki. Saa tisa sizitaki. Mwambie mbili tu, saa sita, na mimi nitamtazama siku nzima."

Na Mwalimu Sabiti, ambaye alikuwa amekaa na majini chumba kimoja miaka arobaini bila kusogea, aliushika mkeka wake kwa mikono miwili, akauvuta nyuma kidogo, mbali naye.