Pumzi Nne kwa Dakika

Asubuhi ya sita Baba Pacha aliikuta barakoa yake ya kupumulia imelowa kwa ndani, inanuka majivu yaliyomwagiwa maji. Nyumba yao haikuwa na majivu, walipikia gesi. Aliinusa mara ya pili, akakunja uso, akaenda kuiosha kwa sabuni kama alivyoelekezwa. Alijiambia ni kinywa chake tu. Mtu wa miaka hamsini na mbili haamki akinukia waridi.

Mashine ile ya kumpulizia hewa usingizini hakuipenda, ila hakuwa na ujanja. Alikuwa dereva wa basi la shule, na miezi miwili nyuma alisinzia kwenye taa nyekundu akiwa na watoto arobaini mgongoni. Taa ikawa kijani, ikarudi nyekundu, ikawa kijani tena, mpaka msichana wa kiti cha mbele akamgusa bega. Hospitali ilimlaza usiku mmoja na nyaya kichwani, ikamwambia kwamba huko kukoroma ambako mkewe alikufanyia mzaha mbele ya majirani kulikuwa kunamkata pumzi mara thelathini kila saa. Shule nayo haikuzungusha maneno: alale na mashine siku thelathini mfululizo, kliniki isome kikadi chake cha kumbukumbu na kuandika barua, la sivyo usukani apewe mwingine. Baba Pacha hakuwa na kazi nyingine mikononi. Na ukweli ni kwamba aliwapenda wale watoto, hata wale watukutu wa kiti cha nyuma.

"Umekuwa tembo aliyekonda," Mama Pacha alimwambia usiku wa kwanza, akiutazama mpira uliotoka puani mwake mpaka mezani.

"Tembo huyu ndiye baba wa wanao."

"Ndiyo maana wanakula vile."

Mwuguzi wa kliniki alikuwa amempa sharti moja: ukivua, zima. Hapo ndipo Baba Pacha alipokosea. Kwa miaka kumi na minane aliendesha basi ambalo stata yake ilikuwa mbovu, likizimwa haliwaki mpaka lisukumwe, na mkono wake ulikuwa umejifunza kutozima kitu atakachokihitaji baada ya dakika tano. Usiku aliamka mara mbili kwenda msalani. Alivua barakoa, akailaza juu ya mto, akaiacha ikipuliza peke yake gizani. Mazoea yana taabu.

Siku ya kumi alipeleka kikadi kliniki. Mwuguzi alikitazama kwenye kompyuta, akatabasamu.

"Hongera, baba. Siku kumi hujavua hata mara moja."

"Kuvua navua. Kila usiku naenda msalani mara mbili."

"Hapana. Ukivua, mashine inaandika kwamba hewa inavuja. Hapa hakuna kuvuja. Kuna mtu anapumua." Alisogeza miwani, na tabasamu likamwisha. "Ila saa nane usiku pumzi zako zinabadilika. Zinakuwa nne kwa dakika."

"Ni vibaya?"

"Mtu mzima aliyelala huvuta kumi na mbili, kumi na tano. Mwenye pumzi nne tunamwitia daktari mbio." Alishusha sauti. "Labda mashine ina hitilafu. Jioni kabla ya kulala, ikague."

Saa nane ndiyo saa yake ya msalani. Alirudi nyumbani na hilo kifuani, akamkuta mkewe anakunja nguo za watoto.

"Jana usiku ulikuwa na maswali wewe," Mama Pacha alisema, akicheka. "Baba mzima unaniuliza watoto wanalala chumba gani."

"Nimekuuliza lini?"

"Uliporudi kulala. Nikakwambia, chumba cha kushoto, ulikipaka rangi mwenyewe. Na miguu yako ilikuwa baridi, ungetafuta soksi."

Baba Pacha aliketi juu ya nguo zilizokunjwa. "Mama Pacha," alisema polepole, "nikiwa na ile barakoa usoni, naongeaje?"

Mkewe aliacha kucheka.

Usiku ule saa nane iligonga akiwa macho. Alivua barakoa, akailaza juu ya mto, na mkono wake ukaenda kwenye kitufe ukarudi, kwa sababu woga ni woga lakini kutojua ni adhabu zaidi. Akatoka kama anayekwenda msalani, akasimama nyuma ya mlango, akachungulia. Kwanza ilikuwa sauti ya hewa tu, ile ya kila siku, kisha sauti ikazibwa kama mtu aliyeweka kiganja mdomoni, na barakoa ikanyanyuka juu ya mto, ikasimama hewani palipopaswa kuwa na uso, mikanda yake ikajikaza nyuma ya kichwa kisichokuwepo, na mto ukabonyea, na godoro likabonyea, na harufu ya majivu mabichi ikajaa chumba mpaka macho yakamwasha, na kitu kile kikavuta pumzi ndefu, ndefu, kikaishikilia hadi Baba Pacha akadhani kimekufa, kisha kikaitoa, na Mama Pacha, usingizini, akageuka na kukikumbatia.

Alikimbilia chumba cha watoto, akalala sakafuni amezuia mlango kwa mgongo. Kwa kuwa hakuwa na mashine, alikabwa na usingizi wake mwenyewe mpaka alfajiri. Kikadi kiliandika kwamba mashine ilivaliwa kwa muda wa saa saba kamili.

Shangazi wa mkewe alikuwa mkunga mstaafu, na watu walimwendea kwa mambo ambayo hospitali haina jina lake. Alikuja jioni, akainusa barakoa, akaiweka chini kwa vidole viwili.

"Hamkumwita," alisema. "Mmemwachia tu pumzi ya bure na kitanda chenye joto. Nani angekataa?"

"Nikiitupa mashine, je?" Baba Pacha aliuliza.

"Utakufa wewe, yeye abaki. Leo akishaivaa, uizime kwa mkono wako. Atakuomba. Usimjibu, hata akikuomba kwa sauti unayoipenda. Na kuanzia leo usiache kitu kinanguruma kikikungoja, huku mahali pako pakiwa wazi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

"Madereva mnaelewa upesi. Ndiyo maana mnapotea njia."

Shangazi akakaa na pacha chumbani kwao. Mama Pacha ilibidi alale pale pale kitandani ili kisishtuke. "Nikifa," alimnong'oneza mumewe, "nitakusumbua wewe, siyo huyo."

Saa nane barakoa ilinyanyuka. Baba Pacha alitambaa sakafuni upande wa meza, akanyoosha mkono, akabonyeza.

Hewa ilikatika. Kile kitu kilivuta, hakikupata, kikavuta tena, na mpira ukakunjamana kama utumbo, kitanda kikaanza kugonga ukuta, na kutoka ndani ya barakoa tupu ikatoka sauti ndogo, sauti ya mwanawe mdogo kati ya wale wawili, ile ya homa: "Baba. Sipati hewa. Baba, washa." Baba Pacha aliuma ngumi yake mpaka akaonja damu, na alijua mwanawe amelala hatua sita kutoka pale, na bado kidole chake kilitaka kubonyeza, kwa sababu ni baba gani anasikia hivyo akakaa kimya, lakini alikaa, akalia, akakaa, mpaka barakoa ikaanguka juu ya mto na ubaridi ukampita usoni kuelekea dirishani.

"Amekwenda," shangazi alisema kutoka chumba cha pili. "Watoto wamelala. Sasa niacheni na mimi nilale."

Siku zilizobaki alizima mashine kila alipoinuka. Pumzi zilikuwa kumi na tatu, kumi na nne. Barakoa ilinuka sabuni. Kliniki iliandika barua, na Jumatatu moja watoto arobaini walimshangilia Baba Pacha alipopanda basi, naye akajifanya ana vumbi jichoni.

Basi lilikuwa lile lile, na stata ile ile.

Siku ya tatu, mchana, mtoto wa mwisho kushuka kituo cha pili aliangusha kiatu chini ya gurudumu. Baba Pacha alivuta breki ya mkono, akashuka, akachutama, akakivuta kiatu kwa kijiti, akamvisha mwenyewe. Hata dakika tano hazikufika. Juu, injini ilinguruma ikimngoja.

Aliinusa harufu ile ya majivu mabichi akiwa bado ngazini. Kiti chake kilikuwa kimebonyea katikati, na kitambaa kimelowa. Basi zima lilikuwa kimya, hata wale wa nyuma, na wote walikuwa wanamtazama.

"Dereva," alisema msichana wa kiti cha mbele, "mbona unapanda mara ya pili?"

Baba Pacha alishika chuma cha ngazi.

"Si umekaa hapo sasa hivi ukatuuliza, mmoja mmoja, usiku tunalala chumba gani?" Alikumbatia begi lake. "Tumeshakwambia wote."