Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu Mbili

Jumamosi, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, kompyuta ya studio ya Hezron pale Tunduma ilikutwa imekufa. Feni ilizunguka, taa ya mbele iliwaka, lakini kioo kilibaki cheusi tii, na mashine haikutoa hata mlio mmoja. Ndani yake ulikuwamo wimbo wa mwisho wa marehemu Mwalimu Danieli, aliyefundisha kwaya miaka kumi na tisa. Kesho yake saa nne ulitakiwa upigwe kaburini, wakati wa kusimika msalaba.

Saa tatu na nusu fundi Tulinagwe akafika, mkoba wa vifaa begani, miguu imemvimba. Wiki nzima alikuwa akimuuguza mama yake, na asubuhi hiyo alitamani kitu kimoja tu duniani, godoro. Hezron, mwenye studio, hakuwa amemwita. Aliyemwita ni Ferista, mjane wa Danieli, ambaye alikaa kwenye kochi amejitanda kitenge.

"Sitaki kesi, fundi," Ferista alisema. "Nataka sauti ya mume wangu. Sina nyingine. Hata simu yake ilipotea siku za ugonjwa."

"Pole, mama. Ngoja tuione."

Chini, karibu na mlango, alikaa Lucky, fundi mwenye kibanda jirani na cha Tulinagwe, baba wa watoto wawili. Viatu na mkanda vilikuwa vimeshavuliwa, utadhani yuko mahabusu tayari. Pembeni yake alisimama Brenda, karani wa studio, kucha zake nyekundu zikichezea ncha ya blauzi.

"Saa sita namkabidhi polisi," Hezron alisema. "Jana kanibadilishia prosesa, kaniwekea feki kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Imeunguza kila kitu. Na diski imekwenda. Usijisumbue, dada Tuli."

"Diski umeipima na nini?"

"Aa! Si unaona haiwaki?"

Tulinagwe akashusha pumzi. Alikuwa hoi kiasi kwamba hata kushangaa kulimchosha. Miaka ishirini na mbili ya ufundi, na bado watu walidhani mashine isiyotoa picha imeungua hadi roho. Lakini Hezron si mtu wa kijijini asiyejua kompyuta. Neno lile akaliweka akiba.

Alianza na Lucky. "Ulimaliza saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu alasiri. Nikaiwasha, ikawaka. Brenda akapiga nyimbo mbili, tukasikiliza. Nikafunika, nikaenda zangu."

"Alama uliweka?"

"Niliweka. Skrubu ya chini, kama kawaida yangu."

Mafundi wote wa mtaa ule waliijua kawaida hiyo. Ukimtengenezea mtu mashine, unadondoshea rangi ya kucha kwenye skrubu ya mfuniko, ili kesho asikuletee mashine iliyochokonolewa na mwingine akasema ni wewe. Lucky hakuwa na chupa siku hiyo. Aliazima ya Brenda.

"Ni kweli," Brenda alisema. "Alidondosha mbele yangu, tone moja. Na ilikuwa inawaka, jamani, niliiona kwa macho yangu!"

"Si atasema hivyo!" Hezron akaruka. "Wote kwao Isongole hao, wanalindana. Halafu funguo ziko mbili tu, wangu na wa Brenda. Mimi nilikuwa Vwawa tangu jana saa sita mchana, nimerudi leo. Yeye ndiye aliyefunga saa kumi na moja. Muulize yeye."

Brenda akaanza kulia. Ferista akamtazama, akaangalia kucha zile nyekundu, kisha akageuza uso. Ilikuwa dhahiri anachofikiria, na Tulinagwe hakumlaumu.

Akapiga magoti kwa taabu, akamulika nyuma ya mashine kwa tochi ya simu. Mfuniko ulishikwa na skrubu mbili. Ya juu ilikuwa na tone jekundu. Ya chini nayo ilikuwa na tone jekundu, na chini yake, kwenye vumbi la sakafu, kulikuwa na magamba madogo ya rangi iliyopasuka.

"Lucky, uliweka ngapi?"

"Moja, dada Tuli. Naapa."

Akafungua mfuniko. Hakuhitaji kutafuta sana. Juu kidogo ya prosesa kuna waya mfupi wa pini nne unaoipelekea umeme wake peke yake. Waya huo ulikuwa umechomolewa, ukalazwa vizuri nyuma ya feni. Hapo mashine huzungusha feni na kuwasha taa, lakini haiwezi kuleta picha.

"Amesahau kuuchomeka!" Hezron alisema upesi mno. "Mnaona? Uzembe!"

"Angesahau, Brenda angesikilizaje nyimbo mbili?"

"Nimeshakwambia anamdanganyia!"

"Sawa. Basi tuiulize yenyewe."

Akauchomeka waya, akabonyeza kitufe. Mashine ikalia mara moja, kioo kikajaa mwanga. Ferista akasimama, kiganja mdomoni. Lucky akafunga macho, akaegemeza kichwa ukutani.

Tulinagwe hakufurahi. Alifungua orodha ya mafaili yaliyoguswa karibuni, akasoma kwa sauti ile ile ya uchovu. "Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Wimbo wa Mwalimu Danieli umefunguliwa. Kwa hiyo jioni mashine ilikuwa inawaka, na Lucky hana ufunguo. Waya umechomolewa baadaye."

"Brenda basi!" Hezron akasema. "Na rangi ni yake!"

"Rangi ni yake, inakaa kwenye droo yake, na kila mtu humu anajua. Ila Brenda aliona tone likiwekwa. Anajua ni moja na anajua liko wapi. Aliyefungua jana alijua Lucky huweka alama, maana ameshatengenezewa mashine naye. Alishtuka baadaye, alipoona magamba, na hakujua ni skrubu ipi. Akapaka zote mbili. Waliobaki na ufunguo ni wangapi, Hezron?"

Hezron akautazama mlango.

"Na diski umeiua kwa mdomo kabla mtu yeyote hajaigusa. Ulitaka nisiitoe, nisiisome kwenye mashine nyingine. Kuna nini humo?"

Hezron akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu, akajifunika uso. "Nilirudi jana jioni niusafishe wimbo," alisema. "Sijawahi kuusikiliza tangu tuurekodi. Mama, nisamehe. Maikrofoni ya mle ndani, kwenye chumba cha kuimbia, sikuifungua. Iliyokuwa wazi ni hii ya mezani kwangu."

"Sijakuelewa," Ferista alisema.

Tulinagwe akabonyeza. Ikasikika sauti ya Hezron, changamfu, akimsalimu na kumshukuru mtu kwenye simu kwa Kibemba cha Zambia. "Mulishani, bwana! Lori limevuka? Natotela, natotela sana." Dakika sita nzima Hezron aliongelea lori, akacheka, akaagiza chipsi. Nyuma ya kioo kinene Mwalimu Danieli alikuwa akiimba kwa mapafu yaliyobaki, na haikuingia hata noti moja.

"Ningekwambiaje, mama?" Hezron alikuwa analia. "Nikaona bora ilaumiwe mashine. Lucky angelala ndani siku mbili, ningemtoa mwenyewe."

"Kwa nini hukufuta?" Tulinagwe akauliza.

"Sikuweza. Sikiliza mwisho."

Mlango ukalia kwenye rekodi. Zikaja hatua za taratibu, kisha kikohozi. Halafu ikaja sauti ya mzee, karibu kabisa.

"Hezron, mwanangu, imeingia?"

"Imeingia, Mwalimu. Yote."

"Haya, asante. Ngoja niwahi, Ferista ananisubiri na chai."

Ferista akakaa chini sakafuni kama mtu aliyesukumwa. Hakuna aliyethubutu kumshika. Kwa mara ya kwanza wiki ile Tulinagwe alisahau miguu yake.

"Alikuja," Ferista akasema. "Siku hiyo alikunywa vikombe viwili." Akamgeukia Lucky. "Baba, vaa viatu vyako. Tusamehe."

"Naweza kuikata, mama," Hezron alisema. "Nikuwekee maneno yake peke yake kwa ajili ya kesho."

"Usikate kitu. Kesho utaileta mwenyewe kaburini, na utaipiga yote, na lori lako, na chipsi zako. Watu wasubiri kama alivyosubiri yeye." Akajifuta macho kwa pindo la kitenge. "Sasa rudisha pale pa chai."

Hezron akarudisha.