Sakafu Inayokunywa Maji

Upepo wa Kakuma haupigi hodi. Kila asubuhi uliingia jikoni kwa Apua na kumwaga mchanga kwenye unga wa mandazi.

"Mama, hii ni mandazi ama lagga?" wateja walimtania, wakimaanisha mto mkavu wa mchanga, kisha wakaenda kununua kwingine.

Siku moja ng'e alitokea kwenye udongo, karibu na mguu wa mtoto wao Ereng. Apua akasema basi.

"Nataka sakafu ya simiti."

"Fundi ni ghali," alijibu Ejore, mumewe. "Nitafanya mwenyewe."

Apua alicheka mpaka akashika kiuno. Kwa Waturkana, mwanamke ndiye hujenga nyumba. "Wewe? Hapa hujasimika hata kijiti!"

"Simiti si vijiti."

Ejore aliuza beberu, akanunua mfuko mmoja wa simiti. Alibaki mbuzi mmoja tu, wa maziwa ya watoto. Saa sita mchana, jua likichoma, alikoroga nusu ya mfuko kwa mchanga na maji na kuimwaga sakafuni. Apua alileta maji ya kumwagilia baadaye. Ejore akamzuia.

"Maji tunanunua, halafu tumwage chini? Mama yangu angefufuka anichape!"

Kesho yake sakafu ilikuwa na nyufa kama tope la bwawa lililokauka. Aliigusa kwa kidole cha mguu, ikamomonyoka. Nusu iliyobaki ikiharibika pia, mbuzi wa maziwa angekwenda sokoni. Ejore alimtazama mbuzi. Mbuzi akamtazama.

Jirani yao Adau alikuja kununua mandazi. Alitoka Sudan Kusini, na kazi ya uashi alijifunza katika makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei.

"Ejok," alisalimu kwa Kiturkana. "Baba Ereng, nani ameua hii sakafu?"

"Simiti ya duka ni mbaya."

"Ulimwaga saa ngapi?"

"Saa sita."

"Na maji ulinyunyizia?"

Ejore akageukia mbuzi.

"Alinikataza!" Apua alidakia.

"Simiti haikauki kama nguo," Adau alisema. "Inakomaa kwa maji. Jua na upepo vikiyanyonya mapema, inabaki unga."

"Maji mengi nitatoa wapi?"

"Nani amesema mengi? Vunja hii, vipande uvishindilie chini. Lowesha udongo. Fanya kazi jua likishuka, na usikoroge simiti ikawa uji. Asubuhi ikishakuwa ngumu, funika kwa magunia mabichi, na juu yake nailoni na mawe. Maji yakifungiwa hayatoroki. Gunia likikauka, nyunyizia kidogo. Wiki nzima, usipike humo."

"Nusu mfuko itatosha jikoni kote?"

"Ukiitandaza kote itakuwa nyembamba kama chapati, itapasuka. Anza hapa anapopikia mama."

Ejore alifanya hivyo. Apua alipikia nje wiki hiyo, akinung'unika. Magunia yalipoondolewa, alipiga sakafu kwa mchi. Ililia ko! Haikuacha hata alama.

Mandazi yakawa safi, wateja wakarudi. Kwa faida yake Apua alinunua mfuko wa pili, na mbuzi wa maziwa hakutoka uani.

Ejore alikuwa akinyunyizia upande wa pili wakati jirani mwingine, Lokiru, alipochungulia.

"Ejore, unamwagilia sakafu? Umepanda nini?"

"Akili," alisema Ejore. "Shika mtungi, nawe upande kwako."